Shomoro Ndani ya Kibuyu cha Mbayuwayu

Asubuhi ya Juni, kabla jua halijawa kali, nateremsha vibuyu. Mlingoti una kapi juu na winchi ndogo chini. Nikizungusha mkono wa winchi, vibuyu kumi na viwili vinashuka pamoja hadi usawa wa kifua, na mbayuwayu wazima wananizunguka juu ya kichwa wakilalama bila kwenda mbali. Kibuyu cha kwanza kina makinda watano, ngozi tupu ya waridi, vichwa vikitikisika. Cha pili kina mayai sita meupe pee juu ya majani mabichi ambayo wazazi wenyewe wameyakata mtini na kuyaleta. Cha tatu kimejaa hadi kizibo kinafunguka kwa shida: nyasi kavu, manyoya ya kuku, kipande cha mfuko wa plastiki. Nikizitoa nyasi hizo konzi kwa konzi, chini kabisa nakuta makinda wanne wa mbayuwayu waliokufa, kila mmoja na tundu dogo kichwani.

Aliyefanya hivyo ana uzito usiofika gramu 35. Ni shomoro, yule yule tunayemjua kwenye mapaa ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Hapa Pennsylvania, ninapoishi na kufanya kazi ya ndege, kumzuia shomoro ndiyo nusu ya kazi ya mtu yeyote anayefuga mbayuwayu uani kwake. Na nasema "kufuga" kwa makusudi, ingawa ndege huyu yuko huru na hula mwituni.

Mbayuwayu ninayemzungumzia, kwa jina la kitaalamu *Progne subis*, ndiye mkubwa kuliko mbayuwayu wote wa Amerika Kaskazini. Dume aliyekomaa ni mweusi mwenye mng'ao wa buluu na zambarau, kwa hiyo nitamwita mbayuwayu wa zambarau. Majira ya baridi hukaa Amerika Kusini, wengi wao Brazili. Majira ya kuchipua hurudi kaskazini kuzaa. Zamani alizaa kwenye matundu yaliyochimbwa na vigogota katika miti mikavu, na upande wa magharibi wa bara bado wapo wanaofanya hivyo, hata ndani ya mipungate mikubwa ya jangwani. Upande wa mashariki wa Milima ya Rocky mambo yamebadilika kabisa: karibu wote huzaa katika nyumba walizotundikiwa na watu. Watu wakichoka kutundika, ndege huyu hana pa kwenda.

Desturi hiyo ni ya kale. Wachoctaw na Wachickasaw, wenyeji wa kusini-mashariki ya Marekani, walikuwa wakitundika vibuyu vitupu juu ya miti iliyopogolewa matawi karibu na nyumba zao. Alexander Wilson, mtaalamu wa ndege wa mwanzoni mwa karne ya 19, aliandika habari hiyo, na akaongeza kuwa Waafrika waliokuwa kando ya mto Mississippi nao walisimika fito ndefu zenye vibuyu vya namna ile ile nchani. Kila nikiusoma ukweli huo nasimama kidogo. Mmung'unye, mmea unaotupa kibuyu, asili yake ni Afrika. Na hao walioondolewa kwao kwa nguvu walikikuta kibuyu kikiwangoja ng'ambo, wakakitumia kumkaribisha ndege. Siku hizi vibuyu vingi ni vya plastiki nyeupe vyenye kizibo cha kuzungusha ubavuni ili uweze kukagua, lakini umbo ni lile lile, na mbayuwayu hulipenda.

Shomoro alikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1851 jozi chache ziliagizwa kutoka Uingereza na kuletwa Brooklyn, New York, na nyingine zikafuata miaka iliyofuata. Sababu iliyotolewa ilikuwa viwavi waliokuwa wakila majani ya miti ya mitaani: ndege mdogo ataletwa, atawala viwavi, mji utapumua. Miji mingine ikaiga. Lakini shomoro ni mla nafaka. Viwavi huwalisha makinda wake kwa majuma machache tu, na mwaka mzima uliobaki hula punje, na enzi zile za farasi barabara zilijaa punje. Kufikia miaka ya 1870 wataalamu wa ndege walikuwa wakirushiana maneno makali magazetini, Thomas Brewer akimtetea shomoro na Elliott Coues akimshitaki. Mwaka 1889 wizara ya kilimo ilitoa ripoti nzima juu ya madhara yake, na wakati huo ndege alikwisha kuenea maeneo mengi ya bara. Msomaji wa Unguja ameshaona kisa hiki kwa macho yake: ndivyo kunguru wa India alivyoletwa kisiwani miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na leo hakuna asiyejua yaliyofuata.

Swali ambalo jirani zangu huniuliza mara nyingi ni hili: mbayuwayu wa zambarau ana karibu mara mbili ya uzito wa shomoro, mbona anashindwa? Jibu liko mdomoni na katika kalenda. Mdomo wa shomoro ni mfupi, mnene, umeumbwa kupasua mbegu ngumu. Ganda la yai na fuvu la kinda kwake ni kazi ndogo. Mdomo wa mbayuwayu ni mpana na laini, umeumbwa kunasa wadudu hewani, na miguu yake mifupi haifai kupigana ndani ya chumba kidogo. Tena shomoro hahami. Mwezi Februari, mbayuwayu akiwa bado yuko Brazili, dume wa shomoro ameshakaa juu ya kibuyu kilichoachwa nje akilia *chip, chip* kutwa. Mbayuwayu hufika Pennsylvania mwezi Aprili, amechoka, na anakuta mlango una mwenyewe. Dume mmoja wa shomoro anaweza kudai vyumba kadhaa vilivyo jirani na kuvijaza nyasi vyote, ingawa atazalia kimoja tu.

Hapa ndipo penye jambo moja ninalotaka kila mwenye vibuyu alielewe, kwa sababu mimi nililielewa kwa gharama. Dume wa shomoro hafungamani na kiota, wala hafungamani sana na jike. Anafungamana na tundu. Jike akifa, atalia mlangoni hadi apate mwingine. Kiota kikivunjwa, atakijenga upya siku ile ile. Mwaka wangu wa pili nikiwa na vibuyu, niliona nyasi za shomoro katika kibuyu kimoja chenye mayai yake manne, nikazitoa zote pamoja na mayai, nikaosha mikono, nikaenda kazini. Nilirudi jioni nikakuta mayai ya mbayuwayu kutoka vibuyu vitatu vya jirani yamedonolewa, mengine yametupwa chini kwenye majani, ute umekauka. Nilikuwa nimemnyima dume mayai yake huku nikimwachia hasira na muda. Wafugaji wazoefu walikuwa wamekwisha kuniambia nisiguse kiota kabla sijampata dume. Nilidhani wanazidisha.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi unaanza na dume. Kabla ya hapo, hata hivyo, kuna mambo yanayopunguza shomoro bila kumgusa yeyote, na mtu asiyeyafanya hana haki ya kuweka mtego. Acha kumwaga mtama, mahindi ya kupaaza na makombo ya mkate uani, kwa maana hicho ndicho chakula cha shomoro. Mbayuwayu wa zambarau hali nafaka kamwe. Ziba matundu ya darini na ya banda la gari ambamo shomoro hulala wakati wa baridi. Weka mlingoti mahali pa wazi, mita 12 au zaidi kutoka kwenye miti mirefu, na vibuyu viwe mita 4 hivi juu ya ardhi. Na la muhimu kuliko yote, ziba milango ya vibuyu kwa vizibo mpaka mbayuwayu wenyewe waonekane angani.

Wengi hutafuta tundu litakalomzuia shomoro. Halipo. Kwa kwezi wa Ulaya, mvamizi mwingine aliyeachiliwa New York mwaka 1890, dawa ya namna hiyo imepatikana: tundu la umbo la nusu mwezi, bapa chini, lenye urefu wa sentimita 3 tu kwenda juu. Mbayuwayu hujilaza akapita, kwezi mwenye kifua kinene hubaki nje. Shomoro ni mwembamba kuliko mbayuwayu mwenyewe, kwa hiyo mlango wowote unaompitisha mwenye nyumba unampitisha na yeye. Ndiyo maana kwake hakuna njia ila mtu kukagua kwa mikono.

Mimi hukagua kila siku ya tano. Shomoro huatamia kwa siku 11 hivi, kwa hiyo hakuna kiota chake kitakachofika mbali bila mimi kukiona. Kuvitofautisha ni rahisi. Kiota cha mbayuwayu ni bapa, cha vijiti na udongo, na majani mabichi juu yake. Mayai yake ni meupe bila doa. Kiota cha shomoro ni lundo lenye paa, nyasi na manyoya na takataka, na mayai yake yana madoadoa ya kahawia au kijivu. Nikiyakuta mayai ya shomoro na dume bado yuko huru, siyatoi. Nayapaka mafuta ya mahindi ganda zima ili hewa isipenye, nayarudisha. Jike ataendelea kuatamia mayai yasiyoangua, dume atatulia akilinda mlango wake, na mimi nimejipatia majuma mawili ya kumkamata.

Mtego ninaouamini huwekwa ndani ya kibuyu chenyewe: kibati kidogo kinachoanguka na kuziba mlango ndege akiingia na kukanyaga kijiti. Mtego huo hauachwi peke yake. Naukagua kila baada ya nusu saa nikiwa nyumbani, na jua likielekea kuzama nautoa. Akinaswa mbayuwayu, anaachiliwa papo hapo. Akinaswa shomoro, namtazama mara mbili kabla ya jambo lolote: dume ana utosi wa kijivu, shavu jeupe na ndevu nyeusi zinazoshuka kifuani. Jike ni mgumu kumtambua kwa kuwa anafanana na shore kadhaa wa asili wa Marekani, na asiye na uhakika hufungua mkono. Sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inawalinda karibu ndege wote wa asili, mayai na viota vyao. Shomoro na kwezi wa Ulaya hawamo katika ulinzi huo, na kosa la utambuzi halisameheki kwa kusema sikujua.

Kisha kuna kuua. Sitazunguka maneno hapa. Kumpeleka shomoro mbali na kumwachia si huruma. Ama atarudi, ama atatoboa vichwa vya makinda uani kwa mwingine. Anauawa haraka, kwa kuvunjwa shingo na mtu aliyefundishwa namna ya kufanya bila kumtesa, na wengine hugandisha mizoga na kuwapelekea wanaotunza vipanga na bundi waliojeruhiwa. Asiyeweza kufanya hivyo, nami simlaumu, ni afadhali asitundike vibuyu. Kibuyu kisichokaguliwa huzalisha shomoro, msimu mmoja vizazi viwili hadi vinne, na kumvuta mbayuwayu aje kupoteza makinda wake hapo.

Wala simchukii shomoro. Kwao Uingereza amepungua sana hadi mwaka 2002 akaingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini, na hata huku Marekani idadi yake imeshuka sana tangu miaka ya 1960. Nikimwona London akioga vumbi nafurahi. Ubaya hauko kwa ndege, uko mahali alipopelekwa, na waliompeleka hawakuwepo kuziokota maiti za makinda.

Niongeze hili kwa wanaonunua vibuyu kwa sababu ya mbu: mbayuwayu wa zambarau hatakumalizia mbu. Huwinda mchana na juu sana, akila kereng'ende, mbawakawa, nyuki dume na vipepeo. Mbu ni sehemu ndogo mno ya chakula chake. Mtundikie kwa sababu nyingine. Mimi huwatundikia kwa ajili ya ile sauti yao ya kububujika alfajiri, na kwa sababu bila mlingoti hawana kwao.

Makinda hukaa kiotani karibu siku 28. Kufikia mwisho wa Agosti uani kwangu pamenyamaza, makundi yamekwisha kuelekea kusini. Nateremsha vibuyu kwa mara ya mwisho, natoa viota, naosha kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, naanika juani, na kuvihifadhi ghalani. Mwezi Machi navirudisha juu vikiwa na vizibo vyekundu milangoni, na dume wa shomoro huja asubuhi ile ile, anatua juu ya kibuyu cha tatu, anainama kuchungulia, anadonoa kizibo. Namwacha adonoe. Vizibo navitoa Aprili, siku ninayomsikia mbayuwayu wa kwanza juu ya paa, wala si siku moja kabla.