Mawe ya Mbale: si bomu, si dawa

Mwezi huu tuongee juu ya vimondo, yaani mawe yanayoanguka kutoka angani, maana watoto darasani wanatuuliza: vikianguka hapa kwetu itakuwaje?

Kumbe hapa Uganda vilishaanguka. Tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, watu wa Mbale, mashariki ya Kampala, walisikia mlio mkubwa, kisha mawe yakaanguka mjini na vijijini. Kubwa kuliko yote yaliyookotwa lilikuwa na kilo 27 hivi. Kijana mmoja aligongwa kichwani na kipande cha gramu 3.6 tu, kilichopunguzwa nguvu na majani ya mgomba. Hakuumia vibaya, na hakuna aliyekufa.

Baadaye wengine waliyasaga mawe hayo wakayala, wakiamini yanaponya ukimwi. Wazazi, tusidanganyike! Kimondo ni mwamba na chuma tu. Dawa ya kupunguza makali ya ukimwi inatolewa hospitali, na anayeiacha kwa sababu ya jiwe anahatarisha maisha yake.

Jambo la pili ni vioo. Tarehe 15 Februari 2013, kimondo kilipasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi. Watu waliona mwanga mkali, wakakimbilia madirishani kutazama. Baada ya dakika moja na zaidi kishindo kikafika, vioo vikavunjika. Walioumia ni kama 1,500, wengi kwa vioo. Basi sisi tuliokimbia mabomu tunajua la kufanya: ukiona mwanga wa ajabu, kaa mbali na dirisha, lala chini, funika kichwa.

Je, jiwe kubwa linaweza kuzuiwa? Wataalamu wameanza. Novemba 2021 Wamarekani walirusha chombo kinachoitwa DART. Roketi yake ilitumia mafuta ya taa, ndugu ya haya ya kwenye taa zetu, ila yamesafishwa sana. Kwa kuwa huko juu hakuna hewa, ilibeba na oksijeni yake, maana moto hauwaki bila hewa. Tarehe 26 Septemba 2022 DART iligonga jiwe la Dimorphos, lenye upana wa mita 160 hivi, likabadilisha njia yake kidogo. Jiwe hilo halikuwa linatujia. Lilikuwa jaribio tu.

Basi watoto, laleni bila hofu. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.