Meza za Wafalme: Karamu Ndefu Kuliko Zote, Fupi Kuliko Zote, na Kiti Kilichosubiriwa Miaka 37

Karamu ndefu kuliko zote katika Biblia ni ya Ahasuero, mfalme wa Uajemi, aliyemiliki majimbo 127 tangu Bara Hindi hadi Kushi. Katika mwaka wa 3 wa enzi yake aliwaonyesha wakuu wake utajiri wa ufalme kwa siku 180. Zilipokwisha, akawaandalia watu wote wa ngome ya Shushani, wakubwa kwa wadogo, siku nyingine 7 katika ua wa bustani ya ikulu. Mwandishi wa kitabu cha Esta haoni haraka kupita hapo. Anatutajia mapazia, nguzo za marumaru, vitanda vya dhahabu na fedha, na vikombe vya dhahabu ambavyo havikufanana hata viwili. Siku ya 7, mfalme akiwa amechangamka kwa divai, akaagiza malkia Vashti aletwe watu wauone uzuri wake. Vashti akakataa. Nusu mwaka wa maonyesho ya uwezo ukaishia kwa mwanamke mmoja aliyesema haji.

Mimi huanzia hapo kila ninapozisoma karamu za Maandiko, kwa sababu chakula chenyewe mara nyingi hakisemwi hata jina. Kinachosemwa ni nani kaitwa, nani kakaa wapi, nani hakuja. Kula mezani kwa mfalme maana yake ni kwamba uhai wako umo mkononi mwake. Maofisa wa Samaria waliomwandikia Artashasta barua ya kuwashitaki Wayahudi walijitambulisha kuwa ni watu wanaokula chumvi ya nyumba ya mfalme, na kwao hiyo ilitosha kueleza kwa nini hawawezi kunyamaza aibu ikimkaribia.

Kwa wingi wa chakula cha kila siku, hakuna anayemfikia Sulemani. Kwa siku moja nyumba yake ilitumia kori 30 za unga mzuri na kori 60 za unga wa kawaida, ng'ombe 10 wanono, ng'ombe 20 wa malishoni na kondoo 100, mbali na kulungu, paa na ndege waliononeshwa. Kori moja hukadiriwa kuwa kama lita 220. Malkia wa Sheba alipoiona meza ile na jinsi watumishi walivyopangwa, pumzi ilimwishia. Lakini soma pia nani alikuwa akiibeba. Wasimamizi 12 waligawana nchi, kila mmoja akilisha ikulu mwezi mmoja kwa mwaka. Samweli alikuwa amewaonya zamani kwamba mfalme atachukua mashamba yao, na binti zao awafanye wapishi na waokaji. Sulemani alipokufa, jambo la kwanza watu walilomwomba mwanawe Rehoboamu ni kupunguziwa mzigo. Akakataa, na makabila 10 yakaondoka.

Nje ya Biblia, katika dunia hiyohiyo ya Mashariki ya Kale, Sulemani alipitwa kwa idadi ya wageni. Ashurnasirpal II wa Ashuru aliandika kwenye jiwe, lililochimbuliwa Nimrud mwaka 1951, kwamba alipozindua jumba lake aliwalisha watu 69,574 kwa siku 10. Mfalme huyo huyo alijisifia kwa mawe mengine jinsi alivyowachuna ngozi waliomwasi. Walioketi kula siku zile walijua wote wanakula kwa nani.

Rekodi ya wafalme wengi zaidi kwenye karamu moja ya ulevi ni ya Ben-hadadi wa Shamu, aliyekuwa akinywa hemani na wafalme 32 adhuhuri Waisraeli walipotoka kumshambulia. Lakini aliyekuwa na wafalme wengi kuliko wote ni Adoni-bezeki, na wake hawakuketi. Walikuwa 70, wamekatwa vidole gumba vya mikono na miguu, wakiokota makombo chini ya meza yake. Naiona kuwa picha chafu kuliko zote za meza ya kifalme katika Maandiko, na haina malaika wala nabii wa kuilainisha. Adoni-bezeki mwenyewe alipokatwa vidole vyake alikiri kwamba amelipwa alichotenda.

Karamu fupi kuliko zote ni ya Belshaza, mfalme wa Babeli. Wageni 1,000, divai, na vyombo vya dhahabu vilivyoporwa kwenye hekalu la Yerusalemu. Usiku uleule mkono ukaandika ukutani, Danieli akasoma, na mfalme akauawa kabla ya mapambazuko.

Na mgeni aliyefurahia mwaliko kupita wote ni Hamani, mkuu wa Ahasuero. Aliwatambia mkewe na rafiki zake kwamba malkia Esta hakumwalika mtu mwingine na mfalme ila yeye. Siku ya karamu ya pili ya Esta alitundikwa kwenye mti wa dhiraa 50 aliouandaa kwa ajili ya adui yake Mordekai.

Waliosubiri kiti ni habari nyingine. Yehoyakini wa Yuda alitawala miezi 3 tu, akiwa na miaka 18, kabla ya Nebukadreza kumchukua mateka mwaka 597 kabla ya Kristo. Mwaka wa 37 wa utumwa wake, mfalme mpya Evil-merodaki akamtoa kifungoni, akambadilishia mavazi ya gereza, akakiweka kiti chake juu ya viti vya wafalme wengine waliokuwa Babeli, na tangu hapo akala mbele yake siku zote za maisha yake. Kitabu cha pili cha Wafalme kinaishia hapo, mezani.

Jambo linalonisisimua ni kwamba tunazo karatasi za jikoni, tukiweza kuziita hivyo. Wachimbaji wa Kijerumani chini ya Robert Koldewey walipata Babeli vibao vya udongo vya mgawo wa chakula, na mwaka 1939 Ernst Weidner akachapisha vilivyomtaja Yehoyakini mfalme wa Yuda na wanawe 5 wakipewa mafuta. Kimoja ni cha mwaka 592 kabla ya Kristo. Kwa hiyo chakula cha ikulu alikuwa akikipata miaka 30 kabla ya kutolewa, kwa kipimo, kutoka ghalani. Alichopewa mwishoni ni nguo na kiti. Mtu aliyewahi kutengwa na wenzake huku akilishwa vizuri atajua tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani.

Kiti kizito kuliko vyote, kwa maoni yangu, kilikaliwa na Mefiboshethi. Alikuwa na miaka 5 yaya wake alipomwangusha akikimbia siku habari za kifo cha babu yake Sauli na baba yake Yonathani zilipofika, na akawa kiwete miguu yote miwili. Alikulia Lodebari, nyumbani kwa watu. Mjukuu wa mfalme ambaye nasaba yake imeondolewa akiitwa ikulu hutarajia upanga, na Daudi ilimbidi amwambie kwanza asiogope. Sura hiyo fupi inarudia mara 4 kwamba atakula mezani pa mfalme. Mahubiri yetu huishia kwenye neema hiyo, nami siipunguzi. Ila mrithi wa Sauli anayekula kila siku mbele ya macho ya Daudi hawezi pia kukusanya jeshi. Kilikuwa kiti cha rehema na cha ulinzi kwa wakati mmoja, na uzito wake ulionekana baadaye: Wagibeoni walipodai wazao 7 wa Sauli wauawe, Daudi alimnusuru Mefiboshethi kwa ajili ya kiapo chake na Yonathani. Na mtumishi wake Siba alipomsingizia hata shamba lake likagawanywa, alijibu kwamba Siba na achukue yote, maadamu mfalme amerudi salama.

Wapo waliokataa. Danieli na wenzake 3 waliomba siku 10 za mimea na maji badala ya chakula cha Nebukadreza. Nehemia, aliyewahi kumnywesha Artashasta, alikaa miaka 12 kuwa liwali wa Yuda bila kudai posho ya liwali, ingawa kila siku alilisha watu 150 kwa ng'ombe 1 na kondoo 6. Sababu aliyotoa ni kwamba watu walikuwa wameelemewa. Baada ya meza ya Sulemani, huyu ndiye ninayempenda.

Na ipo meza moja ambayo mfalme ndiye mhudumu. Kwa Luka, usiku wa mwisho, Yesu anawaahidi wanafunzi kula mezani pake katika ufalme wake, baada tu ya kuwaambia kwamba yeye yuko kati yao kama atumikaye.

Karamu yenye wageni wengi kuliko zote bado haijafanyika. Isaya, sura ya 25, anaiweka mlimani, kwa mataifa yote, vinono vyenye urojo na divai iliyokaa juu ya masira yake. Wageni wanapewa vyote hivyo, na mwenyeji naye anameza kitu kimoja: mauti.