Damu Pungufu kwa Mgonjwa wa Moyo: Uchovu Usioelezwa na Moyo Peke Yake

Mkazi wa Kongowe, Kibaha, mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, anapoeleza kuwa pumzi humkatika akitembea kutoka Barabara ya Morogoro hadi nyumbani, wengi wetu huwaza jambo moja: moyo umezidi kudhoofika, basi dawa ya kupunguza maji mwilini iongezwe. Huenda ni kweli. Lakini uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuhema huletwa pia na upungufu wa damu, na dawa ya maji haiongezi damu.

Chembe nyekundu hubeba oksijeni. Zikipungua, moyo hulazimika kusukuma kwa kasi zaidi ili mwili utosheke. Moyo wenye afya huhimili kwa muda. Moyo dhaifu huelemewa.

Tatizo hili si geni kwetu. Utafiti wa wagonjwa 401 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ulioongozwa na Dkt. Abel Makubi na kuchapishwa mwaka 2015, ulionesha kuwa asilimia 57 walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 49 walikuwa na upungufu wa madini ya chuma. Wenye upungufu wa damu uliotokana na ukosefu wa chuma walikuwa katika hatari zaidi ya maradufu ya kulazwa au kufariki. Aidha, walioishi nje ya Dar es Salaam walielekea zaidi kupungukiwa damu. Kwa sisi wa Pwani, hilo si la kupuuzwa.

Kwa mhudumu wa afya: pima wingi wa damu kwa kila mgonjwa wa moyo, hasa anapozidiwa. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu kuwa chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, na chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Picha kamili ya damu ikionesha chembe ndogo, fikiria ukosefu wa chuma, kisha tafuta chanzo: minyoo ya safura, malaria, hedhi nyingi, ugonjwa wa figo, au choo cheusi kwa anayetumia aspirini na dawa za maumivu.

Tiba nayo ina mipaka yake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 nchini Marekani lilionesha kuwa chuma cha kunywa hakikuongeza uwezo wa wagonjwa wa moyo kufanya mazoezi. Chuma cha mshipani kilipunguza dalili katika jaribio la mwaka 2009. Kuongezewa damu kuna nafasi yake panapokuwa na upungufu mkubwa, lakini damu iingizwe polepole, kwani maji mengi kwa mkupuo huweza kujaza mapafu.

Kwa mgonjwa: usinunue vidonge vya damu kwa kukisia, wala usiache dawa za moyo. Kula maharage, mboga za majani, nyama isiyo na mafuta na dagaa wasiotiwa chumvi. Ongeza chungwa, na chai iwe mbali na mlo. Ukienda kliniki, uliza swali hili fupi: “Damu yangu ilipimwa lini, na ilikuwa kiasi gani?” Jibu liandikwe kwenye kadi yako.