Ndoo ya Maji ni Kazi ya Nani?

Wazee wetu wa Masisi na Walikale hawakugawa kazi ovyo. Katika msitu wa Walikale mume alikata miti mikubwa, akajenga nyumba, akawinda. Mke alipanda, akapalilia, akavuna, akapika. Katika milima ya Masisi wanaume walichunga ng'ombe, na wanawake walishika jembe katika mashamba ya maharage. Kila mmoja alichoka kwa upande wake.

Siku hizi mzigo umeelemea upande mmoja. Wanaume wengi wamevutwa na machimbo, kama ya Bisie huko Walikale na ya Rubaya huko Masisi. Tena vita vimewanyang'anya wengi mashamba na mifugo. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mji wa Masisi, na Machi wakaingia mji wa Walikale. Kazi nyingi za baba zimepotea, lakini za mama zimebaki zote. Fikirini muhogo tu: kuung'oa, kuumenya, kuuloweka, kuuanika, kuutwanga, kuuchekecha. Sombe nayo yangoja kinu. Maji na kuni huja mgongoni, kamba ikikaza paji la uso. Mama akizidiwa, binti huachishwa masomo ili amsaidie.

Liko jambo zito zaidi. Wakati wa hatari, nyumba nyingi zimepiga hesabu chungu: baba akienda shambani atauawa, au atalazimishwa kubeba mizigo ya wenye silaha, basi aende mama. Naye mama huviziwa njiani na wabakaji. Uamuzi wa namna hii usiachiwe desturi. Yafaa mume na mke waketi, waulizane njia ipi ni salama, waende kwa kundi pamoja na majirani, au waziache kuni siku hiyo.

Wako wasemao kwamba mwanamume achotaye maji amelishwa dawa na mkewe. Lakini kijana akaaye peke yake machimboni hujipikia na kujifulia, wala hakuna amchekaye. Basi aibu haimo chunguni. Imo midomoni mwa watu. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alifundisha kwamba baba afanyaye kazi za nyumbani hapungukiwi uanaume wake. Mwaka huo huo nchi yetu ilirekebisha Sheria ya Jamaa ya 1987, ikaliondoa sharti la mke kupata ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mapatano ya kisheria.

Akina baba, anzeni na ndoo moja asubuhi. Akina mama, msiwacheke wana wenu wa kiume washikapo mchi, wala msiwafukuze jikoni. Nanyi wanafunzi, kaka na dada wapokezane kazi, ili wote wawili wapate saa ya kusoma. Wahenga walisema kweli: mkono mmoja haulei mwana.