ULINZI WA KOMPYUTA MPAKATO ZIENDAZO VIJIJINI



Zamani daftari la mizani, leja na stakabadhi zilifungiwa katika sanduku la chuma ofisini. Siku hizi sehemu ya kumbukumbu hizo husafiri. Vyama vimeingia katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU) wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na watumishi huchukua kompyuta mpakato kwa pikipiki katika vijiji vya Kishapu, Kahama, Mbogwe na Nyang'hwale. Humo mna majina ya wakulima, kilo za pamba walizouza na nambari za akaunti zao. Kompyuta ikiibwa, hasara kubwa si mashine. Ni malipo ya mkulima kutiliwa shaka.

Wengi hudhani neno la siri latosha. Sivyo. Mwizi aweza kuichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine na kusoma yote yaliyomo. Kinga yake ni usimbaji, yaani kuyageuza maandishi yote ya diski kuwa fumbo lisilosomeka pasipo ufunguo. Kompyuta nyingi za sasa zina uwezo huo; hauna budi kuwashwa. Ufunguo wa akiba uandikwe na kuhifadhiwa katika kasha la chama, wala usitiwe katika mkoba wa kompyuta. Ukipotea, hata chama chenyewe chaweza kushindwa kuzifungua kumbukumbu zake.

Mtumishi aizingatie miiko hii:

(a) Kabla ya safari, kompyuta izimwe kabisa. Ikiachwa imelala tu, ufunguo waweza kubaki ndani yake. Tena diski ya kuzunguka huharibika kwa mitikisiko ya barabara.

(b) Isiachwe ndani ya gari juani. Joto huchakaza betri.

(c) Kila jioni ya ununuzi, nakala ya kumbukumbu itolewe na kutunzwa mbali na mashine. Nakala hiyo nayo isimbwe.

(d) Visichomekwe vijiti vya kumbukumbu visivyojulikana vitokako, kwani huleta virusi.

(e) Arudipo ofisini, aiunganishe na intaneti ili programu zipate marekebisho.

Ofisi nayo ina wajibu. Katibu aandike katika rejesta namba ya kila mashine, jina la aliyekabidhiwa, tarehe na saini. Mashine ikipotea, polisi waarifiwe bila kukawia, na maneno ya siri yote yaliyotumika humo yabadilishwe siku hiyohiyo kwa kutumia kompyuta nyingine. Asiyetoa taarifa kwa kuogopa lawama humpa mwizi nafasi.

Ikumbukwe kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Chama ni mkusanyaji wa taarifa hizo. Bodi zinashauriwa kulijadili jambo hili kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, na kumkabidhi mtumishi mmoja dhamana ya kulisimamia.