Kadi au tiketi ya karatasi?

Agosti 30 mwaka 2009, mabasi ya mwendo kasi ya Rea Vaya yalianza kubeba abiria kati ya Soweto na Ellis Park, katika kitongoji cha Doornfontein mjini Johannesburg. Mwanzoni abiria walikata tiketi za karatasi. Mwaka 2013 zikaingia kadi za kielektroniki.

Abiria aligusisha kadi kwenye mashine alipoingia na alipotoka, na nauli ikakatwa kulingana na umbali wa safari. Kwa kuwa fedha hazipiti mikononi mwa watu wengi, kadi hupunguza mianya ya wizi.

Hata hivyo, kadi hudai fedha kabla ya safari. Kibarua anayelipwa kwa siku, au mgeni anayepanda basi mara moja, hulazimika kuinunua na kuijaza kwanza. Tiketi hudai nauli ya safari hiyo tu.

Nchini Kenya, BebaPay, kadi ya matatu iliyoletwa mwaka 2013 na Google pamoja na benki ya Equity, ilisitishwa mwaka 2015. Makondakta wengi waliendelea kudai fedha taslimu.

Kwa hiyo, mji unaofuta tiketi unapaswa kuhakikisha kwanza kwamba asiye na akiba hataachwa kituoni.