Kuanzishiwa Uchungu: Hesabu Kwanza, Dawa Baadaye

Kuanzishiwa uchungu ni kumsaidia mama mjamzito, kwa dawa au kwa kifaa, apate uchungu wa kuzaa kabla haujamjia wenyewe. Kazi hiyo ni ya hospitali, lakini hutegemea jambo linaloanzia nyumbani, nalo ni hesabu sahihi ya umri wa mimba.

Mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hutimia kwa siku 280, yaani wiki 40. Kwa kalenda ya ofisini, huo ni muda wa miezi tisa na siku saba hivi. Miezi tisa ya mwandamo ni siku 266 tu, sawa na wiki 38. Familia inayohesabu kwa miezi ya Kiislamu, bila ya kumweleza mkunga, yaweza kudhani kuwa mama amepitiliza hali bado ana wiki mbili. Kipimo cha ultrasaundi husaidia kuondoa shaka, lakini kifanywe kabla ya wiki ya 24. Kadiri mimba inavyokua ndivyo usahihi wake unavyopungua.

Wakati wake

Kwa mujibu wa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, mama asiye na tatizo huanzishiwa uchungu inapothibitika kuwa ametimiza wiki 41. Kabla ya hapo husubiriwa. Baada ya hapo hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka.

Yapo yasiyongoja wiki hiyo, kama vile dalili za kifafa cha mimba baada ya wiki 37, au chupa kupasuka bila ya uchungu mimba ikiwa imetimia. Na yapo yanayozuia kabisa: mtoto aliyelala kingamo, au kondo lililoziba njia. Hao huzaliwa kwa upasuaji.

Dawa zitumikazo ni misoprostoli ya kunywa, kwa vipimo vidogo mno vya mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili, na dripu ya oksitosini. Upo pia mpira wenye puto la kufungulia mlango wa kizazi. Dawa ikizidi, kizazi chaweza kupasuka. Hivyo basi, mama aliyewahi kuzaa kwa upasuaji hapewi misoprostoli, na yeyote aliyeanzishiwa uchungu haachwi peke yake. Mitishamba ya kuharakisha uchungu haina kipimo kinachojulikana, na hatari yake ni hiyo hiyo.

Mfano wa Tura

Tura iko mashariki ya mji wa Tabora, katika Wilaya ya Uyui. Misafara iliyotoka pwani ilifika hapo baada ya kuvuka nyika kavu ya Mgunda Mkali. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, aliandika kuwa jina lake lina maana ya "tua", yaani tua mzigo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Tura ikawa miongoni mwa vituo vyake.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, iko Tabora mjini. Kwa mama wa Tura, basi, wiki ya 41 si ya kuanza safari, bali ni ya kuwa tayari ameshafika karibu na mahali penye upasuaji. Gari moshi lina saa zake, uchungu hauna. Na hayo ya Tura ndiyo ya Tumbatu na Kojani, ambako mama huvuka bahari kwanza.

Yanayohimizwa

1. Tarehe ya hedhi ya mwisho iandikwe mapema, na mkunga aelezwe kama ni ya mwezi mwandamo au ya kalenda ya kawaida.

2. Kliniki ianzwe katika miezi mitatu ya mwanzo, na kadi isiachwe nyumbani.

3. Anayeishi mbali apange mapema jamaa wa kufikia karibu na hospitali, pamoja na nauli.

4. Wakuu wa idara wawape ruhusa ya kliniki wafanyakazi wajawazito.

5. Mama aliyepitiliza tarehe, au aonaye mtoto hachezi kama kawaida, anavuja maji, anatoka damu, au anaumwa na kichwa kikali na kuona kiwi, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe.